Chupa Niliyoiandika HASI

Vijana wa maabara waliniaga kwa keki, fulana na ombi. Keki tuliimaliza palepale, fulana inanibana tumboni, na ombi ndilo hili ninalolitimiza: niandike ninachokijua kuhusu slaidi zinazong'aa kabla sijakisahau. Nimekubali kwa sababu kazi yenyewe naifanya nikiwa nimekaa kibarazani kwangu hapa Korogwe, na kukaa nyumbani ndicho kipaji pekee nilichojaliwa bila kukisomea. Wenzangu walikwenda Dar, wengine Nairobi, mmoja alifika nchi za theluji akarudi na koti ambalo hapa kwetu hajapata siku ya kulivaa. Mimi kila nilipofika Segera, pale barabara za Tanga, Arusha na Dar zinapokutana, nilichagua ileile niliyojia.

Habari za vyeo na mishahara naziruka. Aliyekuwa navyo ataandika vyake.

Nimezaliwa Handeni, mtoto wa wakulima. Nilimaliza kidato cha nne na cheti ambacho mama yangu alikiweka chini ya godoro, na sidhani kama alikuwa anakitunza. Nadhani alikuwa anakificha. Mjomba wangu aliyekuwa akiishi Korogwe akaleta habari kwamba maabara moja ya utafiti wa malaria inatafuta mtu wa kuosha vioo. Mama akasema, "Nenda. Ukivunja kimoja utarudi, ukivunja viwili usirudi."

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mama Eliza, fundi mkuu wa chumba cha slaidi. Alikuwa Msambaa wa Kwashemshi, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni kama mbuzi wa kununuliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Mzigua tuliyeletewa?"

"Ndiye."

"Unajua kuosha vyombo?"

"Nyumbani wanaosha dada zangu."

"Basi kuanzia leo na hapa tumepata dada."

Wasiotujua wasishtuke. Mzigua na Msambaa ni ndugu, na kwetu ndugu asiyekutania ana jambo moyoni. Mama Eliza hakuwa na jambo lolote moyoni. Kila kitu alikitoa.

Miezi mitatu niliosha vioo. Sabuni, maji, maji tena, spiriti, kitambaa kisichoacha nyuzi. Kioo alikishika kwenye mwanga, akakigeuza, akanirudishia nikioshe tena. Nilidhani ananitesa kwa sababu ya kabila. Baadaye nilielewa kwamba alama ya kidole kwenye kioo hung'aa chini ya taa yetu kama nyota, na mtu mvivu ataihesabu kuwa ni ugonjwa.

Kwa asiyejua kazi hii, nitaieleza kama nilivyoelezwa. Mtu akiumwa na mbu wa malaria, mwili wake unatengeneza kingamwili, ambazo ni kama askari waliofunzwa kumkamata kimelea yule tu na si mwingine. Askari hao hubaki kwenye damu hata homa ikishaondoka. Sisi tunachukua slaidi yenye visima vidogo, kila kimoja sawa na punje ya choroko, ambavyo ndani yake tumekaushia vimelea. Tunadondosha seramu ya mtu, yaani yale maji ya damu yanayobaki ukiondoa wekundu. Kama askari wapo, watawashika vimelea. Tunaosha. Kisha tunadondosha kingamwili ya pili, ya kununua, iliyofungwa rangi ya kijani, ambayo kazi yake ni kuwashika wale askari wa binadamu. Tunaosha tena. Ukiweka chini ya hadubini yenye mwanga wa buluu, vimelea wanang'aa kijani. Kama hapakuwa na askari, ni giza.

Ukisikia hivyo utasema kazi yenyewe nyepesi. Ubaya ni kwamba ile rangi ya kijani haina adabu. Inashika vumbi, inashika ukingo wa kisima kilichokauka, inashika mahali palipooshwa kwa haraka. Ikizeeka inaganda vijibonge, na kila kibonge kinang'aa kwa kujiamini kabisa.

Slaidi yangu ya kwanza kuipaka mwenyewe iling'aa yote. Nilimwita Mama Eliza nikiwa nimevimba kichwa.

Akainama kwenye hadubini. "Kipi hakijang'aa?"

"Hakuna, mama. Vyote vimekubali."

"Na hiki cha mwisho uliweka seramu ya nani?"

"Hicho sikuweka seramu. Ulisema niweke maji ya chumvi tu."

"Kwa hiyo maji ya chumvi yana malaria."

Akainua kichwa, akaivua miwani.

"Uliiacha slaidi ikauka. Ulikwenda wapi?"

"Kula, mama."

"Kula nini?"

"Makande."

"Yalikuwa matamu?"

Yalikuwa matamu, na tangu siku hiyo sijayala tena kwa amani. Slaidi zetu hukaa ndani ya kontena la plastiki lenye pamba iliyoloweshwa, kifuniko kimefungwa, na mpakaji hatoki chumbani. Ukiona njaa, ona njaa ukiwa umekaa.

Kile kisima cha maji ya chumvi Mama Eliza alikiita shahidi. Hakuruhusu slaidi itoke chumbani bila mashahidi wanne. Wa kwanza ni huyo asiyewekewa seramu: aking'aa, basi ile rangi inashika yenyewe na usiamini lolote. Wa pili ni kisima chenye chembe nyekundu za damu zisizo na kimelea: ziking'aa, basi seramu inakamata kila inachokutana nacho. Wa tatu ni chanya, mtu tunayejua ana askari wengi. Wa nne ni hasi, mtu ambaye hajawahi kuumwa na mbu wa malaria maisha yake yote, na huyo ndiye kipimo cha giza. Yeyote ambaye hakumzidi hasi kwa kung'aa, tunamwandika hana.

"Mashahidi wanakula seramu na wanakula muda," nilimwambia siku moja, "na jibu tayari tunalijua."

"Ukilijua jibu, umeajiriwa ya nini?"

Aliniachia vitu vingine vidogo ambavyo vijana mnavifanya mkidhani ni sheria za maabara, kumbe ni za Mama Eliza. Ile chupa ya rangi ya kijani lazima izungushwe kwenye mashine kabla ya kutumika, ili vijibonge vikae chini. Kabla ya seramu, visima vipewe protini isiyo na kazi ili nafasi za kunata zijae. Tulipoishiwa tulitumia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, na sikumbuki kama yote yaliishia kwenye slaidi. Kuosha ni mara tatu, dakika tano kila mara, hata kama mkubwa amesimama mlangoni. Taa ikizimika kwa umeme kukatika, usiiwashe mpaka ipoe, na muda huo usilalamike. Pazia la chumba cha giza ni kaniki, na kaniki haifuliwi na nguo nyingine. Na la mwisho: anayesoma asijue slaidi ni ya nani. Alikuwa anabandika plasta juu ya namba zote, mpaka tukaonekana tunatibu vioo.

Shahidi wetu wa chanya nilikuwa mimi. Nimezaliwa Handeni, nimeumwa na mbu kabla sijapewa jina. Walipoitoa damu yangu na kuipaka, kisima kiling'aa kijani kiasi kwamba Mama Eliza alirudi nyuma. "Mzigua," akasema, "kumbe kuna kitu unakiweza." Kwa hiyo pamoja na elimu yangu ya kidato cha nne, nimeshiriki katika tafiti nyingi za watu wenye digrii tatu, nikiwa ndani ya chupa.

Hasi wetu alikuwa mgeni mmoja kutoka nchi ya baridi, aliyetuachia damu yake siku ya pili tu baada ya kufika, kabla mbu hawajamzoea. Seramu yake tuliigawa kwenye vichupa vingi ikatufaa miaka mingi. Lakini hata mgeni huisha. Mama Eliza alipokuwa anakaribia kustaafu, tulibakiwa na vichupa vitatu.

"Kaka yangu Yona atafaa," alisema. "Yuko juu kabisa Kwashemshi, hajawahi kushuka. Ukimtaja mbu anadhani ni jina la mtu."

Yona ni mzee wa watu, mkulima, mwenye sauti ndogo. Aliletwa hospitali ya Korogwe kung'olewa jino, nami nikaenda kumwona nikiwa na fomu. Ilikuwa na maswali matatu. Umewahi kuugua malaria? Hapana. Umewahi kuishi bondeni? Hapana. Umesafiri kwenda nje ya kijiji chenu mwaka huu? Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi mtu wa nyumbani, mwanangu. Safari sijui, ila hii ya jino." Nikampenda papo hapo. Nilijiona nimekutana na ndugu yangu wa tumbo moja. Akakubali, nikatoa damu, nikaitenga seramu, nikaijaribu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapojishtaki. Niliijaribu pembeni ya damu yangu. Na pembeni ya damu yangu, nimeshasema, kila mtu ni giza. Kulikuwa na ukijani kidogo, mwembamba, kama wa majani ya mahindi yaliyokosa mbolea. Niliuona. Nikajiambia ni rangi ya nyuma tu, ule ukijani unaobaki kwenye kioo hata ukiosha vizuri. Sikuiweka pembeni ya ile hasi ya mgeni, kwa sababu kufikia siku hiyo kilikuwa kimebaki kichupa kimoja na mimi ni bahili. Nikachukua kalamu, nikaandika HASI kwenye chupa za Yona. Mwandiko wangu ni mzuri, ndicho kitu walimu wangu wote walikubaliana.

Mama Eliza akastaafu, akarudi Kwashemshi kupanda maharage karibu na kaka yake. Miaka ikapita. Mimi nikawa ndiye mzee wa chumba.

Mwaka wangu wa mwisho kazini akaja Neema, mtafiti kijana kutoka Dar, mwenye simu mbili na subira ya mtu aliyelelewa na bibi. Alikuwa amekusanya damu za watoto wa vitongoji vya juu Kwashemshi, kwa ruhusa ya mama zao. Swali lake lilikuwa moja: je, watoto wa juu wanapata malaria au hawapati? Wilayani kulikuwa na orodha ya vijiji vya kupewa vyandarua, vyandarua havikutosha, na vitongoji hivyo vilikuwa ukingoni mwa orodha. Majibu yakionyesha hakuna malaria, vitakatwa. Akina mama walikuwa wamemwambia Neema kwamba watoto wanachemka usiku. Wakubwa walikuwa wamemwambia kwamba mlimani ni baridi, watoto wana mafua. Taarifa ilitakiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Tulipaka slaidi zote. Wengine giza, wengine ukijani kidogo, lakini hakuna hata mtoto mmoja aliyemzidi hasi. Kwa sheria yetu, wote hawana. Nilikwisha kuanza kuandika "hana" kwenye daftari wakati Neema alipoita kutoka nyuma ya kaniki.

"Mzee Mhando, shikamoo tena. Njoo uone. Hii hasi yako mbona inanikonyeza?"

Nikainama. Ukijani uleule wa mahindi.

"Hiyo ni rangi ya nyuma tu, mwanangu."

"Rangi ya nyuma ingekuwepo hata kwenye kisima cha maji ya chumvi. Kile ni giza tupu."

"Labda rangi imezeeka."

"Tufungue chupa mpya."

Tukafungua chupa mpya. Tukapaka upya. Yona akatukonyeza vilevile.

Mimi nikaanza kununa. Nilikuwa na miezi minne kabla ya kustaafu, na mtu akiwa na miezi minne hapendi kuambiwa kwamba shahidi wake ni mwongo. "Mwenye damu hii," nikamwambia, "hajawahi kushuka mlimani maisha yake yote."

"Sawa, mzee. Basi imeshuka damu peke yake."

Hakunibishia zaidi. Alifanya kilichofundishwa na Mama Eliza, ingawa hawakuwahi kuonana. Aliweka seramu ya Yona kwenye chembe za damu zisizo na kimelea: giza. Kwa hiyo haikuwa inakamata ovyo. Akaipunguza makali kwa maji ya chumvi, nusu, robo, nusu ya robo, na ukijani ukapungua kwa utaratibu, ngazi kwa ngazi, kama kitu chenye mpango. Mwisho akafanya jaribio ninalolipenda kuliko yote. Akachukua seramu kidogo, akaichanganya na vimelea wengi kwenye kichupa, akaacha askari wawashike, akazungusha kwenye mashine, wakatuama chini pamoja na mateka wao. Yale maji ya juu akayapaka kwenye slaidi. Giza. Kichupa kingine akakichanganya na chembe zisizo na kimelea, akazungusha vilevile, akapaka. Kikang'aa kama mwanzo.

Hapo hakuna ujanja. Ukijani ule ulikuwa wa kimelea cha malaria na si wa kitu kingine. Damu niliyoiandika HASI ilikuwa na askari.

"Na kama hasi si hasi," Neema akasema polepole, "basi wale watoto wanaofanana naye..."

Ilibidi nijue Yona alikuwa wapi kabla hatujaandika chochote, maana taarifa yetu ikiulizwa swali hilo na ikakosa jibu, wakubwa wangesema kipimo ni kibovu na kuitupa yote. Na mimi jibu nilikuwa nalo kwenye fomu: hapana, hapana, hapana.

Jumapili nilikaa nyumbani tunapukuchua mahindi na mke wangu, Mama Salehe. Aliona sisemi, na kwangu hiyo ni dalili ya ugonjwa.

"Wakupe likizo," akasema. "Twende Tanga kwa mwanao ukapunge upepo."

"Unajua mimi si mtu wa safari. Mwaka mzima huu sijatoka Korogwe."

"Hujatoka?"

"Sijatoka."

"Na haya mahindi unayopukuchua yameota wapi? Chini ya kitanda?"

Mahindi yalikuwa ya shamba la marehemu mama, Handeni. Kila msimu nakwenda kulima, nakwenda kupalilia, nakwenda kuvuna, na kila ninapokwenda nalala huko.

"Hiyo siyo safari," nikamwambia. "Hilo ni shamba."

Gunzi likabaki mkononi. Mama Salehe akasimulia baadaye kwamba nilikaa hivyo mpaka kuku akala punje zilizokuwa mapajani kwangu.

Jumatatu mimi na Neema tulipanda bodaboda kwenda Kwashemshi. Mlima ule ninauheshimu sana ukiwa mbali. Njia nzima nilimshika dereva kiunoni mpaka akauliza kama tunafahamiana. Tulimkuta Mzee Yona nyumbani, na Mama Eliza yuko kwake, wanachambua maharage. Nilikuwa nimewapigia simu kuomba ruhusa, lakini sikusema lote.

"Mzigua amepanda mlima," Mama Eliza akasema. "Basi kuna aliyekufa."

"Hakuna, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa uvute pumzi, umekuwa wa kijani kama slaidi."

Neema akamsalimia Mzee Yona, akamwomba aulizwe maswali kuhusu damu yake, mbele ya dada yake au peke yao. "Mbele yake," akasema Yona. "Atauliza tu."

Nikaanza mimi. "Mzee, mpunga mnaokula hapa unatoka wapi?"

"Shambani."

"Shamba liko wapi?"

"Magoma, bondeni kule. La baba yetu."

"Unakwenda?"

"Asipokwenda mwenye shamba ataenda nani?"

"Na unalala huko?"

Akanihurumia. "Mwanangu, wakati wa kuamia ndege wasile mpunga unalala palepale juu, kwenye kijukwaa cha dungu. Ndege wanaamka kabla ya jogoo. Ukilala nyumbani utavuna makapi."

"Siku ngapi?"

"Mpaka mpunga ukauke. Mwezi, mwezi na nusu. Kila mwaka."

"Lakini nilipokuuliza kama umesafiri, ulisema hapana."

"Sijasafiri. Nilikuwa shambani."

Nikamtazama Mama Eliza. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo. Mtu aliyenifundisha kutoliamini giza wala mwanga, yeye ndiye aliyenipa jina la kaka yake.

"Kila mwaka," akasema kwa sauti ndogo, "ananiletea gunia la mchele ule. Nakula. Naushukuru. Na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba ameufuata." Kisha akaanza kucheka, mabega yanatikisika, miwani ikaanguka kwenye maharage. "Wewe fomu uliijaza vipi?"

"Kama ilivyoandikwa, mama."

"Na slaidi uliipima pembeni ya nani?"

"Pembeni yangu."

"Pembeni ya mtu wa Handeni! Hata mbu mwenyewe ataonekana mzima."

Nilistahili. Lakini niwaambieni ukweli, nilikuwa nimepanda mlima ule nikitegemea kudharauliwa na watu wawili ninaowaheshimu kuliko wote, na nikashuka nimecheka. Yona alituuliza jambo moja tu: kama kuna ubaya damu yake kuwa hivyo. Neema akamweleza kwamba hapana, ila akilala dunguni alale ndani ya chandarua. Akauliza kama nitamwandika mahali. Nikasema labda. "Andika," akasema, "lakini useme mpunga wangu ni mzuri." Mpunga wake ni mzuri.

Tulipokuwa tunaaga, Neema akauliza kwa upole, "Mzee, ukiamia ndege unakuwa na nani?"

"Na wajukuu. Mtoto ana sauti kali, ndege wanamwogopa."

Neema alitoa simu yake moja, kisha akatoa na ya pili.

Siku mbili alizunguka na nesi wa zahanati ya kule nyumba kwa nyumba, akiwauliza wale wale akina mama, lakini swali sasa lilikuwa jingine. Hakuuliza kama mtoto amesafiri. Aliuliza mtoto alilala wapi wakati wa kupanda, wakati wa kupalilia, wakati wa ndege na wakati wa kuvuna. Mimi nilibaki maabara na kazi yangu. Nilifungua friza, nikaenda chini kabisa kwenye kona, nikatoa kile kichupa cha mwisho cha mgeni wa nchi ya baridi, kile nilichokifanyia ubahili miaka yote. Kilitosha kuwa shahidi wa slaidi zote za watoto, na pembeni likabaki tone. Ubahili ulioniponza ndio ulioniokoa. Msifanye kuwa ni desturi.

Alhamisi tulisoma, namba zikiwa chini ya plasta. Mgeni: giza. Maji ya chumvi: giza. Mimi: msiniulize. Watoto: giza, kijani, kijani, giza. Tukabandua plasta, Neema akaweka karatasi yake ya majibu ya akina mama pembeni. Watoto waliobaki juu na bibi zao walikuwa giza. Walioshuka mpungani walikuwa kijani, isipokuwa mmoja, ambaye mama yake alisema alishuka lakini walilala ndani ya chandarua cha kuazima. Neema aliirudia slaidi ya mtoto yule mara mbili. Kisha akatoka nje ya kaniki akasimama juani muda mrefu, akinipa mgongo, na mimi nikaosha vioo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Ijumaa alipeleka taarifa. Iliandikwa wazi kwamba shahidi wa hasi wa mwanzo alikuwa na kasoro, kasoro ni ipi, na ilirekebishwaje. Jina langu lilikuwepo kwa ruhusa yangu; alitaka kulitoa, nikakataa. Vitongoji havikukatwa kwenye orodha. Vyandarua vilipokwenda, vilikwenda na maelezo: kimoja kibaki nyumbani, kimoja kishuke na mpunga.

Vijana, mkisoma haya mtaona nimeandika zaidi kuhusu kosa langu kuliko kuhusu slaidi. Slaidi mnazijua. Kwenye friza, safu ya chanya, chupa za Mzee Yona sasa ziko pembeni ya zangu. Nilizifutia HASI kwa spiriti na kuandika upya mwenyewe, kwa mwandiko uleule mzuri. Watu wawili wa nyumbani, tumekaa jirani.

Nawashukuru. Namshukuru Mama Eliza, ambaye kila Idi ananitumia maharage na salamu za mbu. Namshukuru Neema, ambaye angeweza kunipita akaenda moja kwa moja kwa wakubwa, lakini alinishika mkono akanipandisha mlima. Fomu yake mpya, ile ya kuuliza mtu alilala wapi, aliijaribu kwanza kwangu. Nilijaza kwa kujiamini. Nilipojumlisha siku nilizolala nje ya nyumba yangu kwa mwaka mmoja, zilikuwa hamsini na moja. Mama Salehe aliiomba karatasi ile akaibandika ukutani, juu ya kiti changu.

Juzi mvua zimeanza Handeni. Niliweka jembe kwenye mfuko, nikamuaga.

"Safari njema," akasema, anatazama ukuta.

Nikafungua mdomo kumsahihisha, nikaufunga. Nikarudi chumbani kuchukua chandarua.